Acheni Kuuziana Kaiti Kubwa

Kuna ushauri unaozunguka fukwe zetu, kuanzia Paje hadi Diani, na kila anayeutoa anautoa kwa nia njema: ukinunua kaiti yako ya kwanza ya kuchezea mchangani, chukua kubwa, maana ndogo utaichoka upesi. Muuzaji anausema. Rafiki aliyeanza mwaka jana anausema kwa sauti ya mzoefu. Binamu aliyeko Ulaya anausema kwa simu, kisha anaahidi kukuletea yake ya zamani ya mita 5 akija likizo. Ni ushauri mbaya, na ubaya wake unaanza kwenye hesabu kabla haujafika kwenye bega lililoteguka.

Nazungumzia kaiti ya nguvu ya nchi kavu, ile isiyo na vijiti: kitambaa chepesi cha nailoni kilichoshonwa vyumba vyumba, upepo unaingia kwa mbele, bawa linajaa na kukaza. Umbo hilo lilibuniwa na Domina Jalbert huko Florida miaka ya 1960, na parashuti za mstatili wanazoshukia warukaji wa siku hizi ni za ukoo huohuo. Sizungumzii tiara ya njukuti na karatasi ambayo kila mtoto wa pwani ameirusha. Ile ikikushinda unaachia uzi, inakwenda zake. Wala sizungumzii kaiti za maji, zenye mrija unaojazwa kwa pampu, ambazo zinamvuta mtu aliyesimama juu ya ubao. Hizo zina sheria zake, na nitazigusa kwa sababu ndizo zinazowachanganya watu.

Imani ya kubwa nadhani tumeitoa kwenye sare za shule. Mzazi mwenye akili humnunulia mtoto shati lenye nafasi, kwa kuwa mtoto atakua na shati litamkaa. Kaiti haivaliwi. Wewe mnunuzi wa miaka thelathini hukui tena, mikono yako itabaki ileile. Kinachokua ni upepo, na huo unaweza kukua kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ukiwa bado umesimama palepale na vishikio mkononi.

Na haukui kwa upole. Kasi ya upepo ikiwa maradufu, mvuto wa kaiti unakuwa mara nne. Sote tumezoea tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kuhusu upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa kwenye ukanda wa pwani. Msikilizaji anasikia 40, analinganisha na 20 ya jana, anasema leo umeongezeka mara mbili. Kaiti yake inasoma mara nne. Hata ile hatua ndogo ya kutoka kilomita 25 kwenda 35, ambayo ukiwa umekaa kivulini utaiona ni minazi kuchangamka kidogo tu, karibu inazidisha mvuto mara mbili.

Hapo bado tunazungumzia kaiti iliyotulia. Chukua ya mita 3 za mraba katika upepo wa kilomita 25 kwa saa. Ikitulia angani inavuta, kwa makisio ya fizikia ya sekondari, kama kilo 9. Mtoto wa darasa la saba ataishika. Sasa ikatishe mbele yako kwa kasi, kutoka kushoto kwenda kulia. Upepo unaoipiga ni ule wa ufukweni pamoja na ule inaojitengenezea kwa kwenda mbio. Jumla yake ikifika mara tatu ya upepo wa mwanzo, mvuto unafika mara tisa: kilo 80. Kwa hesabu hiyohiyo kaiti ya mita 5 inatoka kilo 15 na kufika 135. Mambo hayo huisha ndani ya sekunde moja au mbili. Na anayeikatisha kaiti katikati ya upepo bila kukusudia ni mwanagenzi, kwa sababu akibabaika anavuta kishikio kimoja kwa nguvu zote, kama ambavyo mwili wowote uliotishwa hufanya.

“Lakini mimi nina kilo 95.” Hili ndilo jibu la wanaume wengi, tena wanalisema wakijigusa kifua. Majedwali ya uzito yanayosambazwa, kwamba mtu wa kilo fulani anahitaji kaiti ya mita fulani, ni ya watu wa majini. Mtu mzito juu ya ubao anahitaji nguvu zaidi ili ubao uinuke na kuteleza; uzito kwake ni mzigo wa kubebwa. Mchangani hakuna anayekubeba, na usingependa kaiti ianze kukubeba. Pale uzito unafanya kazi moja tu, kukugandisha miguu chini, na kwa makisio mtu aliyesimama wima huanza kuburuzwa mvuto wa kwenda mbele ukifika kama nusu ya uzito wake. Mwenye kilo 95 anamzidi mwenye kilo 60 kwa mara moja na nusu hivi. Tumeona kwamba kaiti, kwa kukata upepo vibaya mara moja, inazidisha mvuto mara tisa. Kifua kinasaidia nini hapo?

Wapo wenye hoja nzuri zaidi. Wanasema kaiti kubwa ni pole, inageuka taratibu, kwa hiyo mgeni anapata nafasi ya kufikiri, ilhali ndogo inazunguka kama nyuki na kumchanganya. Nusu ya kwanza ni kweli. Kaiti kubwa hugeuka taratibu. Ila upole huo unafanya kazi pande zote mbili: ikishaingia katikati ya upepo, kwenye kina chake cha nguvu, inatoka taratibu vilevile, na muda wote huo inavuta. Ndogo ikikosea inakosea haraka na inapita haraka. Unapata pigo fupi, unacheka, unajua mkono gani umezidisha. Mikono inajifunza kwa makosa mengi madogo, na kaiti kubwa inampa mtu kosa moja kisha inamlaza chali.

Yule anayedhani haya ni makuu kwa kitu cha kuchezea, amfikirie George Pocock, mwalimu wa shule wa Bristol, Uingereza, ambaye mwaka 1826 alisajili hataza ya gari la abiria linalovutwa na tiara badala ya farasi. Inasimuliwa kwamba watoza ushuru wa barabara walishindwa kumtoza, kwa kuwa ushuru ulihesabiwa kwa farasi na yeye hakuwa na hata mmoja. Ni karibu miaka 200 tangu ijulikane kwamba kitambaa na kamba vinaweza kuvuta watu barabarani. Sijui kwa nini tunaendelea kushangaa vikiwavuta ufukweni.

Turudi kwenye neno lao kuu: ndogo utaichoka. Ukitaka kujua kama ni kweli, wachungulie wazoefu wa Paje mabegi yao. Hakuna aliye na kaiti moja. Wa majini anakuwa na ya mita 12 ya siku za upepo mdogo, ya 9, ya 7, na siku kusi likichachamaa anaikunjua ile ndogo kuliko zote, wakati wenye kubwa peke yake wamekaa kibandani wanakunywa soda na kuulaumu upepo. Nchi kavu ni hivyohivyo. Kaiti yako ya kwanza ya mita 2 haiachwi nyuma. Inakuwa ndiyo kaiti yako ya upepo mkali, na pwani hii upepo mkali ndio tunao. Kuanzia Juni mpaka Septemba kusi linavuma, na siku za kilomita 25 hadi 35 kwa saa ni za kawaida upande wa mashariki wa Unguja. Desemba mpaka Machi ni zamu ya kaskazi. Aliyenunua mita 5 amenunua kitu ambacho siku nzuri nyingi za mwaka hapaswi kukitoa kwenye begi. Huyo ndiye atakayechoka mapema, na atasema mchezo wenyewe haufai.

Hata shule za kaiti zinatoboa siri bila kutaka. Mwanafunzi wa siku ya kwanza, awe na kilo 50 au 100, huanzishwa mchangani na kaiti ndogo ya mazoezi, ya mita 2 au 3. Watu wanaoishi kwa kazi hii hawampi mgeni kubwa. Kisha mgeni huyohuyo anatoka darasani, anakutana na mwenye kubwa ya kuuza, na somo linasahaulika.

Liko jambo jingine linalonikera zaidi, kwa sababu hapo anayeumia si yule aliyechagua. Ufukwe si wetu peke yetu. Maji yakipwa pale Paje na Jambiani, hasa siku za bamvua, bahari inarudi nyuma mno na kuacha uwanja mpana wa mchanga mgumu. Kwa mrusha kaiti huo ndio uwanja wa ndoto. Kwa akina mama wa mwani ndiyo saa ya kazi: wanashuka kwenye vigingi na kamba zao, wanapanda na viroba vilivyolowa maji, macho chini, mzigo kichwani. Kamba ya kaiti ni nyembamba kama uzi wa kushonea kiatu, urefu wake mita 20 au zaidi, na ikiwa imekazwa haionekani kirahisi kwenye mwanga mkali wa saa sita. Inakata ngozi kama wembe. Ukiwa na kaiti ndogo unaweza kuiteremsha chini kwa sekunde chache, ukasimama, ukasema “Piteni, mama.” Ukiwa na kubwa unaburuzwa huku ukipiga kelele kwamba wapishe. Nimewaona wakipisha, kwa heshima kuliko tunayostahili. Na ng'ombe hawapishi kabisa.

Na kwenye ufukwe wa Coco Beach, Dar es Salaam, Jumapili jioni, kati ya mihogo na mipira na watoto, hata ya mita 1.5 ibaki nyumbani.

Nakubali kwamba udogo nao una mwisho. Kaiti ya mita 1 au 1.5 katika upepo wa kilomita 12 inapepesuka, inaanguka, na mtu mzima anaondoka akiwa ameudhika. Hiyo ni ya mtoto wa miaka kumi na mbili, au ya siku ambayo wengine wote wamekunja. Kwa mtu mzima napendekeza mita 2 hadi 3, na ninaegemea 2.5 kuliko 3. Kamba nne ni bora kuliko mbili: mbili za juu zinavuta, mbili za chini ni breki, na kwa breki hizo unaitua kaiti popote na kuirusha tena kinyumenyume bila kumwita mtu aje aishike. Muhimu kuliko vyote ni mikanda ya mikononi iliyofungwa kwenye kamba za breki. Ukiachia vishikio, kaiti inabaki imeshikwa kwa nyuma tu, inapoteza upepo na kuanguka kama nguo. Kaiti isiyo na njia ya kuachiwa isinunuliwe hata kama inatolewa bure. Na usijifunge kiunoni kwa ndoano mwaka wa kwanza. Kinachokuokoa ni vidole kuweza kufunguka.

Ukinunua kuukuu, usiangalie rangi. Funga ncha zote nne za kamba kwenye kigingi kimoja, rudi nyuma mpaka mwisho, vuta zote pamoja: zikipishana kwa urefu, kaiti itakwenda upande kila siku na utadhani wewe ndiye usiyejua. Pitisha kamba katikati ya vidole, taratibu, ukitafuta fundo na manyoya. Kamba hizi ni imara ajabu zikivutwa, lakini fundo linazidhoofisha, na zikisuguana na kamba nyingine zinapata moto na kukatika. Inua bawa juu dhidi ya jua uone matundu. Tikisa mchanga utoke kwenye vyumba. Ukisikia mwingi unamiminika, jua mwenyewe alikuwa akiitua kwa kichwa.

Na yule ambaye tayari keshauziwa ya mita 5? Asiitupe. Aingoje malelezi, ile miezi ya katikati wakati kusi na kaskazi yanapopokezana na upepo unalegea. Atazame nje ya mwamba: vilele vya mawimbi visipokuwa na povu jeupe, maji yakiwa yamepwa na mbele yake pakiwa hapana mtu, aikunjue. Asimame mbali na minazi na mahoteli, maana upepo unaopita juu ya paa hufika chini umevurugika, unakata na kurudi kwa kishindo. Aitulize kwanza juu ya kichwa chake kwa muda mrefu kuliko anavyotaka. Kusi likirudi Juni, atafute mtu wa kubadilishana naye, mita 5 kwa mita 2 na chenji juu yake, na asikubali kuambiwa kwamba chenji ni ya yule mwenye ndogo.