MAARIFA YA KAZI: Gari Kuukuu Livujalo Oili

Mwenye gari kuukuu huamka asubuhi akaona doa jeusi mchangani chini ya injini, naye aghalabu hufanya moja katika mambo mawili. Ama hulipuuza doa lile, akanunua chupa ya oili na kushika safari; ama huingiwa na hofu, akamwita mtu aje aifungue injini yote. Yote mawili yana hasara. Habari hii yahusu njia ya tatu, nayo ni kutafuta mahali hasa oili inapoanzia kutoka, kabla spana haijashikwa.

Katika kijiji cha Munje, karibu na Msambweni, alikuwako mzee mmoja mwenye Land Rover ya Series III, namna iliyotengenezwa tangu 1971 hata 1985, yenye injini ya petroli ya lita mbili na robo. Kazi yake ilikuwa kupakia nazi na mihogo, na alfajiri kuchukua samaki kutoka ufukoni kwenda nao Msambweni na Ukunda. Kwa muda wa mwaka mzima gari lile lilidondosha oili. Mwanzo ilikuwa tone moja moja. Kisha doa likawa kubwa kama sahani, na klachi ikaanza kunusa harufu ya kuungua wakati wa kupanda kilima. Fundi mpita njia alilala chini ya gari, akatazama, akainuka na kutoa hukumu: sili ya nyuma ya kranki imekwisha, injini haina budi kushushwa.

Kushusha injini ni kazi ya siku kadhaa na fedha nyingi. Mzee hakuwa nazo. Alichokuwa nacho ni minazi, na desturi ya pwani yajulikana: apungukiwaye na fedha huiweka minazi yake rehani, na aliyemkopesha huvuna nazi mpaka siku deni litakapolipwa. Wako watu waliozeeka wakitazama nazi za baba zao zikiangushwa na watu wengine. Mzee alikuwa amekwisha kuihesabu minazi kumi na miwili iliyo kando ya kisima, na tajiri wa kukopesha alikuwa amekwisha kuja kuitazama.

Habari hizi zilimfikia mpwa wake, kijana aliyejifunza ufundi wa magari na kupata kazi katika duka la vipuri huko Ukunda. Alikuja Munje siku ya Ijumaa baada ya sala.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mwanangu. Umekuja kuniaga minazi?”

“Nimekuja kukuomba siku moja, mjomba, kabla hujatia sahihi.”

“Siku moja utafanya nini ambacho fundi hakukifanya?”

“Nitaliosha gari.”

Mzee akacheka sana, akasema kwamba gari huoshwa siku ya Idi. Lakini siku aliitoa.

Mpwa hakufanya mzaha. Oili haikai mahali ilipotokea. Hushuka kwa uzito wake, na gari likiwa mwendoni upepo huisukuma kuelekea nyuma. Hivyo tone lianzalo juu ya injini upande wa mbele laweza kuonekana limening’inia chini kabisa, nyuma, karibu na giaboksi. Atazamaye mahali palipolowa chini huona mwisho wa safari ya tone, haoni chanzo chake. Injini iliyovaa matope ya oili na vumbi la miaka kumi haiwezi kusomwa na mtu yeyote, hata awe hodari namna gani. Yapasa ioshwe, ikauke, kisha itazamwe mahali pa juu kabisa na pa mbele kabisa panapoanza kulowa upya.

Jambo la kwanza alilolifanya, hata kabla ya kuosha, ni kuchomoa kijiti cha kupimia. Gari lilikuwa mahali pa tambarare na injini imepoa. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa upana wa kidole. Mzee, kwa kuogopa isije ikapungua njiani, alikuwa akijaza kila jioni pasipo kupima. Injini iliyojazwa kupita kiasi huvuja zaidi, kwa maana oili hupigwapigwa na kranki na kurushwa kwenye sili kwa wingi kuliko zinavyoweza kuizuia. Kijana akainusa ile iliyobaki kwenye kijiti. Kunusa huku si upuuzi. Pampu ya petroli ya injini kama hii imefungwa ubavuni mwake, na kiwambo chake kikipasuka, petroli huingia ndani na kuchanganyika na oili. Kipimo hupanda chenyewe, oili huwa nyepesi kama maji, huvuja kila mahali, na zaidi ya hayo yaweza kuua injini au kuwaka moto. Oili ya mzee haikunuka petroli. Ziada ikapunguzwa, ikatiwa katika dumu.

Kisha akatafuta pumzi za injini. Hapa ndipo penye jambo ambalo wenye magari wengi hawalijui. Pistoni zifanyapo kazi, moshi kidogo hupenya kando ya ringi zake na kushuka ndani ya tumbo la injini. Moshi huo hauna budi kupata njia ya kutoka, la sivyo shindo hujengeka ndani na kuisukuma oili itoke penye kila ungo dhaifu. Katika injini hii zimo njia mbili za kupumulia: kifuniko cha mahali pa kutilia oili, na kingine kidogo juu ya kifuniko cha vali, kila kimoja kikiwa na wavu wa waya ndani yake. Kile cha juu kilikuwa kimezibwa na masizi na vumbi hata mwanga haukupita. Na kile cha kutilia oili kilikuwa kimefungwa mfuko wa plastiki na kukazwa kwa mpira, mfuko wa namna iliyopigwa marufuku nchini Kenya tangu Agosti 2017.

“Nani aliufunga mfuko huu, mjomba?”

“Mimi. Palikuwa pakitoka moshi na oili kidogo, ikichafua huku ndani. Nikapaziba.”

Basi mzee aliziba tundu ambalo injini ilikuwa ikipumulia, nayo ikatafuta matundu mengine.

Vifuniko vyote viwili vilioshwa kwa mafuta ya taa, vikakaushwa vyema na kurudishwa. Baada ya hapo injini iliwashwa, na kifuniko cha kutilia oili kikatolewa kwa kitambo kidogo ili kutazama. Moshi mwembamba uendao polepole hauna neno katika injini ya umri huo. Lakini ukitoka kwa nguvu, ukipiga kama moshi wa garimoshi, ndipo ringi zimechakaa, na hapo kubadili sili peke yake ni kutupa fedha, maana shindo litaisukuma sili mpya kama lilivyoisukuma ya kale. Moshi wa Land Rover ile ulikuwa mwembamba.

Ndipo kazi ya kuosha ikaanza. Kabureta na kichwa cha kugawa umeme vilifunikwa kwa mfuko usioingiza maji. Injini ilikuwa baridi. Brashi na mafuta ya taa vilitumiwa, wala si petroli, ambayo imewateketeza watu wengi. Chini paliwekwa karai kubwa kupokea uchafu. Mzee aliona karai ni udhia mtupu, lakini kijana alishikilia. Ardhi ya pwani ile ni mchanga juu ya mawe ya matumbawe, yenye nyufa nyingi. Kinachomwagwa juu hakikawii kufika kwenye maji ya kisima, na kisima cha mzee kilikuwa hatua chache tu. Wako wanaoimwaga oili chafu kwenye nguzo za nyumba kuzuia mchwa, na mchwa huondoka kweli. Lakini mvua huishusha oili ile chini, nayo ngozi ya mtu haifaidiki kwa kuigusa kila mara.

Injini ilipokauka, kijana alichukua poda ya watoto akainyunyiza kila penye ungo: chini ya kifuniko cha vali, kuzunguka pampu ya petroli, penye filta, kandokando ya sampu, na nyuma mahali injini inapokutana na giaboksi. Gereji kubwa za mjini hutia rangi maalumu ndani ya oili na kuitafuta kwa taa ya zambarau, lakini poda hutosha. Kisha mzee akaendesha mpaka Msambweni na kurudi, kwa sababu oili baridi ni nzito na haivuji vile ivujavyo ikipata moto.

Waliporudi, gari liliinuliwa kwa jeki juu ya ubao mpana, kwani jeki huzama katika mchanga, likategemezwa kwa magogo mazito. Hakuna mtu mwenye akili atakayeingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Poda ya sampu ilikuwa nyeupe kama ilivyonyunyizwa. Penye pampu ilikuwa nyeupe. Penye filta pia, na jambo hilo lilimfurahisha kijana, maana filta za namna hii zina mpira wa duara unaokaa katika mfuo, na mafundi wenye haraka huusahau wa zamani ndani yake na kuweka mpya juu yake, na matokeo yake ni mvujo usiokoma. Lakini nyuma ya kifuniko cha vali, upande wa dereva asikoweza kuona, poda ilikuwa imekatwa na mfereji mweusi mwembamba. Mfereji ule ulishuka kwa mgongo wa injini, ukafika kwenye nyumba ya flaiwili, ukakusanyika chini yake na kudondoka pale pale fundi alipopaona pamelowa.

Haifai kumtukana fundi yule. Alichokiona kilikuwa kweli, na magari mengi ya namna hii huvuja sili ya nyuma. Kosa lake ni kwamba alikisia jambo la gharama kubwa pasipo kuondoa kwanza yale ya gharama ndogo.

Lilibaki jambo moja la kuhakikisha. Chini ya nyumba ya flaiwili Land Rover ina tundu dogo lenye plagi. Plagi hiyo haikukusudiwa kukaa humo siku zote. Hufungwa tu gari likitaka kuvuka maji marefu. Ikiachwa, oili yoyote itokayo kwenye sili hukusanyika ndani na hatimaye hurushwa kwenye klachi. Kijana aliifungua, ikatoka kiasi cha kijiko kimoja. Akaisugua kati ya vidole na kuinusa, kwa sababu mahali hapo huweza kutoka oili ya injini kwa sili ya kranki, au oili ya giaboksi kwa sili yake ya mbele, na hii ya pili ni nzito, yenye harufu kali kama ya kiberiti. Ilikuwa ya injini. Basi sili ya nyuma ilikuwa imechoka kidogo, lakini haikuwa imekufa. Shindo la injini isiyopumua ndilo lililoitesa.

Gasketi ya kifuniko cha vali ilikuwa ya gome laini, lakini sasa imekauka kama kigae. Alipoitoa, aliusafisha uso wa chuma kwa kisu butu. Akakigeuza kifuniko na kukilaza juu ya kioo cha dirisha; kilicheza, kwa kuwa mtu wa zamani alizikaza nati tatu za juu kwa nguvu hata bati likapinda. Akalinyosha kwa nyundo ndogo juu ya gogo. Gasketi mpya ikawekwa kavu, pamoja na mipira mipya chini ya nati, zikakazwa kwa vidole kwanza, kisha kwa spana kwa zamu, kidogo kidogo. Gasketi ya gome haizuii oili kwa kukandamizwa sana. Ikikazwa kupita kiasi hupasuka na kutoka nje kama unga wa chapati. Mzee aliuliza mbona hakupaka ile gundi ya silikoni ionekanayo kila gereji. Gundi ile ina kazi yake, lakini ikizidi, vipande hukatika kwa ndani, vikaanguka katika sampu na kuziba chujio la pampu ya oili. Injini hufa kwa kiu huku imejaa oili.

Usiku ule kipande cha boksi kiliwekwa chini ya gari. Asubuhi kilikuwa na matone matatu, yote chini ya tundu la flaiwili. Mzee alitaka kujua kama hayo ni mengi. Kijana akamfanyia hesabu kwenye boksi lile lile: tone moja kila dakika ni matone 1,440 kwa siku, kwa kukadiria matone ishirini kwa mililita moja, ni mililita 72, yaani karibu lita moja kila majuma mawili, na sampu ya injini hii huchukua lita sita hivi. Mvujo wa namna hiyo ungetaka matengenezo. Matone matatu kwa usiku hayataki ila kupimwa kijiti kila asubuhi na kuandikwa kwenye daftari, ili siku yakizidi ijulikane.

Tajiri wa kukopesha alirudi Jumatatu na karatasi yake. Alimkuta mzee amelala chini ya gari, akiitazama plagi ya flaiwili aliyokuwa ameishika mkononi, akimwuliza mpwa wake aiweke wapi. Kijana aliifunga kwa uzi na kuitundika karibu na usukani, pamoja na agizo kwamba ikifika siku ya kuvuka mto uliofurika, ifungwe, na jioni ile ile ifunguliwe.