Makato ya mkopo yapande na mshahara

Mhariri,

Serikali ilitenda haki mwaka 2021 ilipofuta tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mikopo ya elimu ya juu, maana salio liliongezewa kila mwaka hata kwa anayelipa bila kukosa. Lakini makato ya asilimia 15 ya mshahara, yaliyopandishwa kutoka 8 mwaka 2016, bado yanamkata mwalimu mpya kwa kiwango kilekile cha meneja. Watasema Bodi ya Mikopo inategemea marejesho ili kuwasomesha wadogo zetu. Ni kweli kabisa, na ndiyo maana napendekeza viwango vipande kwa ngazi kama kodi ya mapato: mwenye kipato kikubwa amalize deni mapema, wa chini abaki na nauli na pango. Wabunge, rekebisheni sheria ya makato hayo.

Msomaji wako,
Morogoro