Safari ya Siku Moja: Tuwahesabu Kwanza Wasiokuwapo



Kamati yenu imetuletea sisi walezi mpango wa matembezi ya siku moja. Mnataka kukodi lori, kuondoka Nyunzu kabla ya mapambazuko, kufuata bonde la Lukuga hadi Kalemie, kuliona ziwa, kutazama mabaki ya ngome za zamani, kisha kurudi usiku uleule. Kila mmoja atalipa ada, na asiyelipa hataandikwa. Mmoja wenu alitueleza chanzo cha wazo hilo: ameona katika simu picha za bonde la mto Rhine huko Ujerumani, ambapo kati ya miji ya Bingen na Koblenz, mwendo wa kilomita 65, ngome za mawe zimepangana juu ya vilima, na wageni hupita chini yake kwa meli wakistarehe. Akauliza, “Mwalimu, sisi pia tuna mto na tuna ngome. Kwa nini tusitembee?”

Swali hilo ni jema, nami sitaki kulizima. Kijana asiyeijua nchi yake atakuwa mgeni ndani yake hata akiwa amezaliwa humo. Hata hivyo, mpango kama ulivyo siuungi mkono, na ni haki yenu kuzijua sababu zangu.

Tuanze na mto wenyewe. Lukuga ndio mlango pekee ambao kupitia humo maji ya Ziwa Tanganyika hutoka. Yanashuka magharibi, yanapita katika teritwari yetu, yanaingia Lualaba, na mwisho wa safari yake ndefu yanafika Bahari ya Atlantiki. Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika kwenye mlango huo mwaka 1874. Stanley alipoukagua mwaka 1876, aliukuta umezibwa na mafunjo na mchanga, maji hayasogei. Lakini ziwa liliendelea kujaa, kizuizi kikavunjika, na kufikia mwaka 1879 mto ulikuwa ukikimbia kwa nguvu. Wazungu walipojenga reli kutoka Kabalo hadi Kalemie, kilomita 273, walifuata bonde hilohilo, na kazi ikamalizika mwaka 1915. Mji wetu umo katika njia hiyo. Kwa hiyo, vijana wapendwa, bonde mnalotaka kwenda kuliona mnalo tayari, nanyi mnaishi ndani yake.

Sasa tuzitazame ngome. Zile za Rhine hazikujengwa ili zipendeze machoni. Wenyeji wake wakubwa walizitumia kuwatazama wasafiri kutoka juu na kuwatoza ushuru wenye mashua waliopita chini. Sisi tunaofahamu vizuizi vya barabarani hatuhitaji mwalimu wa kutueleza jambo hilo. Ngome za kwetu nazo zilizaliwa na hofu na nguvu. Ile ya Albertville, mji ambao leo ni Kalemie, ilianzishwa na Kapteni Jules Jacques mwishoni mwa mwaka 1891, katika vita dhidi ya wafanyabiashara ya watumwa, nao wakaizingira mwaka uliofuata. Ile ya Mpala, kusini zaidi, ukingoni mwa ziwa, ilianzishwa na Mbelgiji Émile Storms mwaka 1883. Miaka miwili baadaye ilikabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadri Weupe, ikawa misioni.

Katika historia ya Mpala Mkristu hana ruhusa ya kusimulia nusu. Mwezi wa Desemba mwaka 1884, watu wa Storms walimwua mtemi Lusinga, wakamkata kichwa, na fuvu lake likapelekwa Ubelgiji. Lusinga mwenyewe alikuwa ametajirika kwa kuuza watu. Basi nani alikuwa mwema? Atakayewajibu kwa neno moja anawadanganya. Ndani ya kuta hizohizo zilizorithiwa kutoka kwa askari huyo, watoto waliokombolewa utumwani walipata kimbilio. Humo alifika mwaka 1887 Kapteni Léopold Joubert, mlei kama sisi, aliyewahi kuwa askari wa Papa. Alivilinda vijiji dhidi ya wawinda-watumwa, akaoa binti wa nchi hii, akabaki nasi hadi kufa kwake mwaka 1927. Mpala ndipo alipopata elimu Stefano Kaoze, aliyepewa upadre mwaka 1917, wa kwanza miongoni mwa Wakongomani wa nyakati hizi. Na ng’ambo ya ziwa, Karema, aliishi Adrien Atiman, aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomea uganga, kisha akawatibu wagonjwa na kufundisha dini kwa zaidi ya miaka sitini. Mimi katekista ninapochoka, humkumbuka huyo.

Njiani kuelekea Kalemie mtapita pia Niemba. Tarehe 8 Novemba 1960, askari wa Ireland waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa walishambuliwa karibu na daraja katika eneo hilo, wakafa tisa. Baluba wengi nao walikufa siku hiyo, wakiwa wamewadhania hao wageni kuwa adui zao. Huko Ireland wale tisa wanakumbukwa kila mwaka. Wa upande wetu tunawakumbuka wapi?

Nimeyasema haya ili mwone kwamba bonde hili halipitwi mbio. Anayekimbilia Kalemie na kurudi siku ileile ataona vumbi na mgongo wa mwenzake aliyekaa mbele yake. Atafika amechoka, atapiga picha mbili, atarudi gizani juu ya lori lililojaa kupita kiasi, katika barabara ambayo mnaijua. Kwa sababu hiyo peke yake ningewaomba mfikiri tena. Lakini ninayo sababu nyingine iliyo nzito zaidi, nayo ni ile ada.

Niwakiri jambo. Miaka mingi iliyopita, kabla ya mapigano, niliongoza vijana wa ukatekumeni katika safari ya namna hii. Tulipanga mchango kwa franka, tukaandika orodha, nami nikaishika mkononi kwa fahari ya mwalimu. Asubuhi ya safari, kijana mmoja wa Batwa alikuwa amesimama kando ya lori. Hakuwamo katika orodha. Mkononi alikuwa na kibidoni kidogo cha asali aliyoirina yeye mwenyewe, akakinyosha kwetu kuwa ndio mchango wake. Mtunza hazina akasema kwamba asali si pesa. Wote wakanitazama mimi. Nami nikasema, “Safari ijayo, mwanangu.” Tukaondoka tukiimba.

Safari ijayo haikuja. Moto ukawaka kati ya Batwa na Wabantu katika nchi yetu, na miaka ya 2016 na 2017 vijiji viliteketea, watu wa pande zote mbili wakalala porini na kambini. Yule kijana sikumwona tena katika mafundisho. Sisemi kwamba orodha yangu ndiyo iliyoleta vita. Vita vilikuwa na mizizi mingi, nanyi mnaifahamu. Ila nasema kwamba siku ile nilikuwa na lango mkononi mwangu, nami nikalifunga. Yale yaliyofuata yalijengwa kwa malango madogo mengi ya namna hiyo.

Injili ya Luka inatusimulia safari nyingine ya siku moja. Yosefu na Maria walitoka Yerusalemu pamoja na msafara wa jamaa na majirani. Walitembea siku nzima wakidhani mtoto yumo katika kundi, na jioni ndipo walipogundua kwamba hayumo. Hawakusema kwamba wengi wapo na mmoja si hoja. Waligeuza njia, wakamtafuta, na siku ya tatu wakamkuta. Huu ndio utaratibu wa safari ya Kikristu: kuwahesabu waliopo, kisha kuuliza nani hayupo na kwa nini. Nasi mara nyingi tunatembea siku nzima, pengine mwaka mzima, tukidhani kwamba Yesu yumo katika msafara wetu, kumbe tumemwacha kando ya lori na asali yake mkononi.

Najua mtakayonijibu. Wa kwanza atasema, “Mwalimu, bila ada hakuna lori.” Ni kweli. Basi tufanye matembezi yasiyohitaji lori. Wa pili atasema, “Hata tukiwaalika, Batwa hawatakuja.” Pengine. Lakini mwaliko unaotangazwa kanisani mbele ya wasiokuwamo si mwaliko. Nendeni wawili wawili hadi vijijini kwao, mketi nao, mrudi tena mara ya pili. Wa tatu atasema, “Tumeteseka pia, mbona sisi ndio tutangulie?” Huyo simkemei, kwa maana wapo kati yenu waliozika ndugu. Namwambia tu kwamba mmoja lazima atangulie, na heri awe yule anayekula meza ya Bwana kila Dominika.

Pendekezo langu ni hili. Katika majira ya kiangazi, mwezi wa saba au wa nane, tuchague Jumamosi moja. Baada ya Misa ya alfajiri tuende kwa miguu, na baiskeli zibebe vyungu na wale wasioweza kutembea mbali, hadi ukingo wa Lukuga mahali ambapo tunaweza kufika na kurudi kabla ya jua kuzama. Paroko ajue, viongozi wa teritwari wajue, na chifu wa kijiji aombwe ruhusa mapema, si asubuhi ileile. Mchango uwe kile ambacho mtu anacho: unga wa bukari, sombe, ndagala, kuni, asali. Vyote viingie katika chungu kimoja, na pasiwe na daftari la nani ameleta nini. Mzee wa Batwa anayeijua miti na njia za porini awe kiongozi wetu, na alipwe kama kiongozi yeyote anavyolipwa. Mzee aliyefanya kazi relini atusimulie habari za treni. Tutembee wawili wawili, kila mmoja akiwajibika kwa mwenzake, na tuhesabiane mara tatu: tunapoondoka, tunapofika mtoni, na kabla ya kurudi. Hakuna kuoga mtoni, kwa sababu mamba hamtambui mkatekumeni.

Na Kalemie? Na Mpala? Tutakwenda, Mungu akijalia, lakini si kwa siku moja. Tulime pamoja shamba la karanga au mihogo, tuuze mavuno, na fedha hiyo itusafirishe sote kwa siku tatu au nne, tukilala katika parokia za jimbo letu. Hapo mtasimama mbele ya kuta za zamani mkiwa na historia yake kichwani na jasho lenu katika nauli. Mtaelewa pia kwamba kuta hizo zilizojengwa kwa mawe zinabomoka, ila zile tunazojenga kwa orodha na dharau zinaweza kudumu kuliko mawe.

Mto wetu ulizibwa, ukafunguka. Tumwombe Roho Mtakatifu atufungue nasi, na Mwenyeheri Anuarite atuombee.

Maswali kwa mazungumzo ya kundi:

1. Katika kundi letu, nani hayupo? Je, tumewahi kwenda kumwuliza sababu?

2. Ni masharti gani tuliyoweka ambayo kwa maskini yamekuwa kama ngome?

3. Wazee wetu wanajua nini juu ya Lukuga, reli na Niemba ambacho hatujawahi kuwauliza?

Tumsifu Yesu Kristu.