NGAZI ZA KUNG'AA ZINATUVUNJA MIGUU



Matajiri wengine wanapenda ngazi zao za mbao zing'ae kama kioo, mgeni akiingia ajione uso. Basi kila Jumamosi mfagiaji anapewa mkebe wa polishi na kitambaa, anaambiwa sugua. Jumatatu sisi ndio tunaopita hapo na sinia za chai, mafaili na ndoo za maji. Mtu akianguka, neno la kwanza la bwana ni hili: "Viatu vyako vimekwisha soli."

Sisi twasema si viatu. Ni nta. Ubao uliojazwa nta hauna kitu cha kushika kiatu, na maji kidogo yakimwagika juu yake, hata kiatu kipya hakisaidii. Vanishi ya kung'aa nayo ikilowa ni hivyo hivyo. Anayeshuka ndiye anayeumia zaidi, kwa maana unyayo wake hukanyaga karibu na ukingo, na mikono imeshika mzigo.

Tajiri akisumbuliwa sana hununua utepe wa msasa wenye gundi, akaubandika juu ya nta ile ile. Gundi haishiki nta. Baada ya muda pembe zinainuka, na sasa tuna kitu cha kuteleza na kitu cha kujikwaa pia. Kisha tunaambiwa tushukuru!

Kazi yenyewe si ngumu, mafundi rangi waijua. Nta yote iondolewe kwa tapentaini na vitambaa vingi, madirisha wazi, moto mbali. Mbao zipigwe msasa, vumbi lipanguswe. Ipakwe rangi ya sakafu au vanishi isiyong'aa, na ingali mbichi inyunyiziwe mchanga mkavu, laini, uliochekechwa. Ikikauka, mchanga usioshika ufagiliwe, upakwe mkono wa mwisho mwembamba. Mkono mzito huufunika mchanga, tukarudi pale pale. Wengine huuchanganya ndani ya mkebe. Ni sawa, ila huzama chini, lazima kukoroga kila mara. Ipakwe ngazi moja, irukwe moja, ili watu wapite; zilizobaki zipakwe za kwanza zikikauka. Ukingo upewe rangi nyingine uonekane penye giza.

Wafagiaji watatuambia kwamba mchanga hushika uchafu. Ni kweli. Wapewe brashi ngumu na muda wa kutosha, wasirudishiwe polishi.

Na wasitutishe kwa sheria, maana sheria iko kwetu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yataka sakafu na ngazi ziwe imara na zitunzwe vizuri, na penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Sheria ya fidia ya mwaka huo huo haimnyimi mtu haki yake kwa sababu eti alitembea haraka. Kinachoweza kumnyima ni kosa la makusudi, na nani huvunja mguu wake kwa makusudi?

Kila mwakilishi akague ngazi za mahali pake wiki hii, aandike barua kwa tajiri, nakala ailete ofisini kwetu. Tajiri asipojibu, barua ya pili itakwenda kwa mkaguzi wa serikali. Mvua zi karibu, na viatu vitaingia vimelowa.