Biashara haigombi, na Lineker ni ushahidi

Usiku wa 1 Julai 1990, mjini Napoli, Italia, Cameroon ilibakiza dakika chache kuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Ilikuwa ikiongoza England kwa mabao 2-1. Dakika ya 83 mshambuliaji wa England, Gary Lineker, akaangushwa ndani ya eneo la hatari. Akapiga penalti mwenyewe, akasawazisha. Katika muda wa nyongeza akaangushwa tena, akapiga tena, akafunga tena. Mchezo ukaisha 3-2, na tangu usiku ule jina la Lineker kwa mashabiki wengi wa Afrika ni jina la mtu aliyewaliza.

Wana haki ya kumkumbuka hivyo. Lakini mchezo ule una hesabu nyingine ambayo huzungumzwa kwa nadra. Cameroon iliingia uwanjani bila wachezaji wake wanne waliokuwa wakitumikia adhabu ya kadi. Upande wa pili alisimama mtu ambaye hadi anastaafu hakuwahi kuonyeshwa kadi ya njano wala nyekundu. Kadi peke yake haielezi matokeo, maana kwa muda mrefu Cameroon ilicheza vizuri kuliko England. Hata hivyo, anayeishi kwa kununua na kuuza anajua kuwa siku ya soko kubwa ni hasara kuwa na mzigo mzuri huku nusu ya watu wako wamezuiliwa nyumbani kwa makosa ya wiki iliyopita.

Ndiyo maana maisha ya Lineker katika soka yanafaa kusomwa na wafanyabiashara pengine kuliko mashabiki. Isitoshe, sokoni ndiko alikotoka. Alizaliwa Leicester, katikati ya England, tarehe 30 Novemba 1960, katika familia iliyouza matunda na mboga kwenye soko la mji huo, na tangu utotoni alisaidia kwenye meza ya familia. Klabu ya mji wake, Leicester City, ilimchezesha kwa mara ya kwanza katika kikosi cha wakubwa Januari 1979. Haikuwa klabu tajiri. Ilipanda daraja, ikashuka, ikapanda tena, naye akapanda na kushuka pamoja nayo. Msimu wa 1984/85 alifunga mabao 24 na kugawana ufungaji bora wa Ligi Daraja la Kwanza na Kerry Dixon wa Chelsea.

Hapo bei yake ikaanza kusogea. Mwaka 1985 Everton ilimnunua kwa pauni 800,000, naye katika msimu mmoja akaifungia mabao 40 katika mashindano yote. Hakuondoka na ubingwa wa ligi wala Kombe la FA. Liverpool ilichukua ligi, kisha ikachukua Kombe la FA katika fainali ambayo Lineker ndiye aliyefunga bao la kwanza. Wiki chache baadaye alikuwa Mexico kwenye Kombe la Dunia, mkono ukiwa umefungwa bandeji. England ilifungwa na Ureno, ikatoka suluhu na Morocco, na ilikuwa karibu kufunga mizigo. Katika mchezo wa tatu dhidi ya Poland, Lineker alifunga mabao matatu kabla ya mapumziko. Alimaliza na mabao sita, akawa mfungaji bora wa mashindano. Barcelona ikamchukua kwa pauni milioni 2.8. Katika mwaka mmoja thamani yake ilizidi mara tatu.

Kuvuka mpaka ni jambo moja, kuuza ng'ambo ni jambo jingine. Miaka ile wachezaji kadhaa kutoka Uingereza walivuka kwenda kutafuta maisha Ulaya bara, na si wote waliodumu. Mark Hughes wa Wales alifika Barcelona majira yale yale ya 1986, na mwaka uliofuata akapelekwa Bayern Munich kwa mkopo. Ian Rush, naye wa Wales, alikwenda Juventus mwaka 1987 na baada ya msimu mmoja akarudi Liverpool. Hawa hawakuwa wachezaji duni. Wote wawili wanahesabiwa miongoni mwa washambuliaji hodari wa zama zao.

Lineker alidumu Barcelona miaka mitatu. Alijifunza Kihispania, akaweza kuzungumza na wenyeji kwa lugha yao. Januari 1987 aliifunga Real Madrid mabao matatu katika ushindi wa 3-2, na kwa mtu wa Barcelona hakuna salamu nzuri kuliko hiyo. Kisha akaja kocha Johan Cruyff, ambaye alimtoa katikati na kumpanga pembeni kulia. Mfungaji bora wa Kombe la Dunia akageuzwa winga. Wengine wangevunja meza. Yeye alicheza alipowekwa, na Mei 1989 alikuwemo katika kikosi kilichoifunga Sampdoria 2-0 na kuchukua Kombe la Washindi la Ulaya. Baada ya hapo akaondoka kwa amani, akajiunga na Tottenham, na katika msimu wake wa kwanza akawa mfungaji bora wa ligi tena kwa mabao 24.

Wahenga walisema biashara haigombi. Wengi huichukua methali hiyo kama nasaha ya kumnyenyekea mteja, lakini ina maana pana zaidi. Anayegomba anapoteza muda, anapoteza watu, na kesho yake hukuta mlango umefungwa. Lineker hakuwa mpole kwa sababu ya woga. Mshambuliaji wa aina yake, anayeishi karibu na goli akisubiri mpira uliomponyoka mwenzake, hupigwa mateke na kuvutwa jezi kila wiki. Alichofanya ni kukataa kulipia hasira za dakika moja kwa michezo ya wiki zinazofuata. Mwaka 1990 FIFA ilimpa tuzo yake ya mchezo wa kiungwana, na England ilifika nusu fainali kwa mabao yake. Hakulazimika kuchagua kati ya usafi na matokeo.

Wapo watakaosema kuwa hizo ni hadithi za watu waliokwisha kushiba. Mpakani, watasema, anayefuata taratibu ndiye anayechelewa, na mwenye njia ya panya anafika sokoni kwanza. Hoja hiyo si ya kudharauliwa, kwa sababu foleni ni za kweli na usumbufu ni wa kweli. Lakini hesabu ya njia ya panya hufanywa kwa safari moja. Haihesabu siku mzigo unapokamatwa, wala siku mteja mkubwa anapotaka karatasi na karatasi hazipo. Utaratibu wa biashara rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unamruhusu mwenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, wa bidhaa za ukanda huu zilizo kwenye orodha, kupita bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa. Mwenye cheti hicho ana haki ya kusimama mbele ya dirisha na kudai apitishwe. Aliyepita porini hana pa kudai.

Usafi haumkingi mtu na kila hasara, na Lineker mwenyewe ni mfano. Mei 1992 alikuwa na mabao 48 kwa England, moja pungufu ya rekodi ya Bobby Charlton. Dhidi ya Brazil, Wembley, akapata penalti. Mtu aliyejenga jina kwa kufunga bila mbwembwe aliamua siku hiyo kuudokoa mpira taratibu kwa madaha, na kipa akaudaka. Mwezi uliofuata, kwenye mashindano ya Ulaya dhidi ya Sweden, kocha Graham Taylor alimtoa nje England ikihitaji bao. Hakuichezea tena nchi yake, na hesabu yake ni 48 hadi leo. Kisha akavuka mpaka mwingine, safari hii hadi Japani, katika klabu ya Nagoya Grampus Eight, ligi mpya ya huko ilipoanza mwaka 1993. Majeraha ya kidole cha mguu yakamzuia kuonyesha alichonunuliwa kwacho, na mwaka 1994 akastaafu. Si kila safari inalipa, hata kwa aliyejiandaa.

Kilichobaki baada ya miguu kuchoka kilikuwa jina. Kwa jina hilo aliuza krispi za viazi za kampuni ya mji wake kwa miaka mingi, akaongoza kipindi kikuu cha soka cha BBC kuanzia 1999 hadi 2025, na akaanzisha kampuni ya kutengeneza vipindi. Katika utangazaji hakuwa kimya kama uwanjani. Mwaka 2023 alisimamishwa kwa muda kwa sababu ya maneno yake kuhusu sera ya serikali kwa waomba hifadhi, wenzake wakagoma kuingia studio, akarudishwa. Ulimi ulimletea kadi ambazo miguu haikumletea, na kuondoka kwake BBC kulitanguliwa na ujumbe wa mtandaoni alioomba radhi kwa kuusambaza.

Jambo moja zaidi linafaa kuingia katika hesabu yake. Mwaka 2002 Leicester City ilielemewa na madeni hadi ikawekwa chini ya wasimamizi. Lineker, aliyekuwa ameondoka miaka 17 nyuma, aliongoza kundi la watu waliochanga fedha na kuinunua ili isife. Mkataa kwao ni mtumwa, na yeye hakukataa kwao. Miaka 14 baadaye klabu hiyo hiyo ikawa bingwa wa England.

Mama anayepanga nyanya zake alfajiri pale Rusumo, au kijana anayevusha vitenge Mutukula, hahitaji kuipenda England wala kusahau machozi ya Napoli. Inatosha akumbuke nani alikuwepo uwanjani usiku ule na nani alikuwa jukwaani kwa sababu ya kadi. Soko la kesho linamtaka awepo.