Marejesho ya Tarehe 5
KUTOKA MWALONI, na Kulwa Masanja

Kampuni za mjini siku hizi zinawataka wafanyakazi wawe wabunifu. Kuna sanduku la maoni, semina ya hotelini, fulana zenye kaulimbiu. Wazo linaloshinda mara nyingi ni programu ya simu, na atakayeitumia hakuulizwa.

Nenda soko la samaki la Kirumba Mwaloni ukamtazame mama wa dagaa akisimamia magunia yanaposhushwa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikitanda, taa haivuti kitu, mitumbwi inapumzika na mzigo unaadimika. Sasa mpe mama huyu mkopo wa kurejesha kila tarehe 5. Mwezi huu tarehe hiyo inaangukia kwenye giza, analipa. Baadaye inaangukia mbalamwezi, hana hata nauli ya kwenda Kayenze. Ofisini ataandikwa msumbufu. Mwaloni hata watoto wanajua sababu.

Kwa majirani zetu, mteja aliwahi kusikilizwa. Jaribio la M-Pesa lililoanza Kenya mwaka 2005 lilikuwa la kurejesha mikopo midogo ya taasisi ya Faulu. Wateja wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao, wengine wakiweka kabla ya safari na kutoa wakifika. Nick Hughes na Susie Lonie, waajiriwa wa Vodafone waliokuwa nyuma ya mradi huo, wangeweza kuwaona wakorofi. Wakawafuata. Huduma iliyozinduliwa Machi 2007 ilikuwa ya kutuma pesa, na mwaka uliofuata ikaingia Tanzania.

Ila kumwelewa mteja ni nusu ya kazi, na hapa ndipo vijana wetu wanapokwama. Afisa mikopo wa Ilemela akipeleka pendekezo la marejesho yanayofuata giza, bosi wake anamwona mteja anayehamia Ukerewe na deni, halafu mkaguzi anayeuliza tarehe ya malipo iko wapi. Hofu hiyo ina msingi, jamani. Wazo likikataliwa tunasema bosi ana roho mbaya, kumbe hakuna aliyejiweka kwenye kiti chake.

Afisa huyo aje na ratiba ya mwaka mzima: wiki za giza rejesho kubwa, mbalamwezi hakuna. Mwezi haubahatishi, giza la Desemba ijayo linajulikana leo, kwa hiyo mkaguzi atapata tarehe zake. Na bosi, kabla ya kusaini au kukataa, apelekwe Mwaloni alfajiri.