Daftari la Mhasibu na Lugha ya Mwenye Mali

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Je, daftari lenyewe likiandikwa kwa lugha asiyoielewa mwenye mali? Nchini Kenya, atakaye kuwa mhasibu wa umma kwa kawaida hutakiwa kufaulu mitihani ya KASNEB, bodi iliyoundwa mwaka wa 1969, kisha ajiunge na ICPAK. Kwa mujibu wa Sheria ya Wahasibu ya mwaka wa 2008, hawezi kuuhudumia umma kama mkaguzi wa hesabu pasipo cheti maalumu. Mitihani hiyo hufanywa kwa Kiingereza. Hata hivyo, ripoti yake aghalabu husomwa katika mkutano wa chama cha ushirika, ambako wakulima hujadiliana kwa Kiswahili. Mwanachama asiyeielewa mizania atahojije hasara?

Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi, na istilahi tunazo: mtaji, mizania, dhima, uchakavu. Zinakosa wa kuzitumia. Wanafunzi wenzangu wa Kiswahili, tuwaendee wenzetu wa uhasibu katika chuo hiki, tuandae nao walau ripoti moja ambayo mkulima ataisoma, aielewe na kuuliza maswali.